Koni za nywele

Koni za tangawizi ya shampuu zimeanza kuiva wekundu. Hadi juzijuzi zilikuwa za kijani, ngumu, kila moja imechomoza ardhini kwa kikonyo chake kando ya mashina yenye majani. Asiyeufahamu mmea huu hudhani koni ndiyo ua. Ua lenyewe ni dogo, la manjano iliyopauka, linachungulia kati ya magamba ya koni na kunyauka upesi. Sifa zote tunayapa magamba.

Asubuhi niliinamisha koni moja juu ya bakuli nikaibinya polepole, kuanzia kwenye kikonyo kwenda juu. Ute ukachuruzika kati ya gamba na gamba, mwepesi, wenye utelezi, unanukia tangawizi kwa mbali. Nikapaka kichwani, nikasugua, nikasuuza. Anayengoja povu la sabuni atavunjika moyo. Nywele chafu hasa naziosha kwa sabuni kwanza. Ute ni wa kumalizia, zilainike, kitana kipite bila kukwama.

Asili ya mmea ni Asia, ila Hawaii umepata jina zaidi, na huko ulifika kwa mitumbwi ya Wapolinesia, watu wa visiwa vya Pasifiki. Hilo hunifikirisha. Mtumbwini nafasi ni finyu, kuna magimbi na migomba ya kubeba, na bado mtu akatenga pembe ya kitu cha nywele! Kweli, haukuwa wa nywele tu: mzizi mkavu ulisagwa ukatia harufu nguo za magome, na majani yalifungia nyama ya kuoka. Kuutafuna mzizi wenyewe sikushauri, ni mchungu.

Kuukuza hakuna makuu: kivuli chepesi, mboji, udongo usiotuamisha maji. Kazi ni kuuacha upumzike. Msimu wake ukiisha majani hugeuka manjano, mashina hulala, pakabaki patupu. Hapo wenye huruma huja na ndoo ya maji, na mzizi unaoza. Mimi huchomeka kijiti cha alama, basi. Karibu na kuchipua ndipo nafukua na kugawa, kila kipande na jicho lake, nakifukia juujuu.

Koni chache nitazikata za jagi, hukaa siku nyingi bila kuchakaa. Za nywele naziacha bustanini zinyeshewe. Zilizoshiba maji ndizo zinazokamulika.