Tulivyopanga listi moja ya marubani kampuni mbili zilipoungana

Mimi ni rubani wa Caravan, zile ndege ndogo za injini moja zinazobeba watalii kutoka Entebbe na Kajjansi kwenda Kihihi, Kisoro, Kidepo, huko kote. Kampuni yetu iliunganishwa na nyingine, majina nayaacha. Sisi tulikuwa marubani 9, wao 14. Tangazo lilitoka Machi, mvua ziko mlangoni, na kila mtu kwenye hii kazi anajua Aprili na Mei watalii hupungua, kwa hiyo usiku ule hakuna aliyelala vizuri.

Watu wa nje hudhani tulikuwa tunapigania mshahara. Mshahara ulikuja baadaye. Vita ilikuwa listi ya sinioriti. Kwa rubani namba yako kwenye listi ndiyo maisha yako, ndiyo inasema nani anapanda kuwa kepteni, nani anakaa na watoto Krismasi, na kazi ikipungua nani anaanza kutoka. Sasa chukua listi mbili uzifanye moja, kila mtu anataka awe juu ya mwenzake.

Shida yetu ilikuwa hivi. Kampuni yetu ni ya zamani na haikukua, makepteni 4 na hakuna aliyeondoka, mimi nilikuwa na miaka 11 bado nakaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kepteni hukaa kushoto. Wao walinunua ndege kwa haraka, kijana wa miaka 3 ni kepteni tayari, walikuwa na makepteni 8. Ukipanga kwa tarehe ya kuajiriwa mimi ni namba 5 na makepteni wao wote wako chini yangu. Ukipanga kwa cheo mimi niko chini yao wote. Kikao cha kwanza tulifokeana mpaka wahudumu wa hoteli wakaja kuchungulia, halafu menejimenti ikatuambia wazi, nyinyi mkishindwa kuelewana tutapanga wenyewe.

Hilo neno liliniogopesha kuliko kelele zote.

Nikakaa nikasoma wenzetu Marekani walifanyaje. Mashirika ya ndege ya US Airways na America West yaliungana 2005. Ilikuwa karibu sawa na sisi, upande mmoja wazee waliokaa miaka mingi bila kupanda na wengine wamesimamishwa kazi, upande wa pili kampuni changa inayokua. Wakashindwa kuelewana, ikaenda kwa msuluhishi, George Nicolau, 2007 akatoa listi. Mtu wa miaka 17 akajikuta chini ya mtu aliyeajiriwa juzi. Wazee walikuwa wengi zaidi, wakakitoa chama chao cha marubani, ALPA, 2008 wakaunda kingine, USAPA, ili ile listi isitumike, kesi zikaenda mahakamani mwaka baada ya mwaka, na mpaka kampuni inaungana na American Airlines 2013 bado walikuwa wanaruka kwa mikataba miwili, wale wazee na mishahara iliyokatwa tangu siku za kufilisika. Miaka 8! Wenzao wa Delta na Northwest mwaka 2008 walitengeneza mkataba wa pamoja mapema, listi wakawaachia wasuluhishi, na mwaka haujaisha ikawa imetoka.

Nikaprinti nikampelekea mzee wetu, kepteni mkubwa kuliko wote, aliyekuwepo Uganda Airlines ilipofungwa 2001. Nikamwambia, Mzee, mimi ndiye napoteza zaidi tukipatana lakini naomba tukae na wale vijana sisi kwa sisi kabla ya kuonana na bosi tena. Akasoma pale pale barazani, akavua miwani. "Mwanangu, umeongea na mke wako kwanza?"

Nilikuwa sijaongea naye. Jioni nikamwambia, akaniuliza, miaka 11 unaitoa hivi hivi? Sikuwa na jibu zuri siku ile, na wala ya pili yake.

Tulikutana Jumapili 4, watu 3 kila upande, bila menejimenti. Kwanza tulifunga tarehe, kwamba listi ni ya siku ya tangazo, asije mtu akapandishwa haraka haraka ili apate namba. Halafu makepteni kwa makepteni, mmoja wetu kwa wawili wao, mzee namba 1. Sisi wa kulia tukafuata kwa tarehe ya kuajiriwa. Mimi nikaangukia 13, nafasi 8 chini. Nikaomba kitu kimoja tu, kwa miaka 2 nafasi ya kepteni ikitokea kwenye ndege za kampuni yetu ya zamani, sisi 5 ndio tunaanza. Wakakaa kimya kidogo, halafu mkubwa wao akasema, hiyo ni haki yenu Kepteni. Aliniita Kepteni.

Hapo ndipo mkataba mpya wa kazi ukawa rahisi, maana bosi alikuta watu 23 wenye karatasi moja. Ile draft yake ilisema wote tunaanza upya, majaribio miezi 6, miaka ya nyuma haihesabiwi. Loya wetu akatuonyesha Employment Act ya 2006, biashara ikihamishwa mikataba ya wafanyakazi inahama nayo pamoja na haki zake. Tukaenda kwa leba ofisa, pande zote zikaitwa, kikao cha pili kile kipengele kikatolewa.

Nafasi ilifunguka Februari. Safari yangu ya kwanza kiti cha kushoto ilikuwa Kisoro, mawingu yamekaa juu ya mlima Muhavura, na kulia kwangu alikaa kijana wa upande wao, namba 14.