Nilivyowafanya Akina Mama wa Beni Waongee

Jeshini niliingia kwa njia ya wengi: JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ya kujitolea, kisha mafunzo ya awali kwenye kambi ya Kihangaiko. Kwata, shabaha, kulala na kombati imelowa jasho, hayo kila aliyewahi kuwa kuruta anayajua. Kwa kuwa mimi ni mwanamke, watu hupenda kuniuliza nilivyomudu kati ya wanaume. Ukishafikisha begi lako na bunduki yako ya SMG mwisho wa masafa bila kusaidiwa, maneno hupungua yenyewe.

Kazi iliyonipima ni Kongo. Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ndizo zilizounda brigedi ya Umoja wa Mataifa ya kupambana na waasi mwaka 2013. Waasi wa M23 walizidiwa mwaka ule ule, lakini upande wa Beni, mashariki mwa Kongo, walikuwepo waasi wengine, ADF, wanaovamia vijiji na kupotelea msituni. Mimi nilipelekwa miaka ya baadaye, kwenye timu ya askari wa kike ya kukutana na raia.

Kiswahili tulielewana. Ila tukifika na afisa na daftari, akina mama walijibu "hakuna shida" huku wakitazama chini. Nani angefunguka mbele ya chifu na kundi la wanaume wenye bunduki?

Nikamwomba kamanda wa doria ulinzi usimame pembeni, watuone lakini wasitusikie, sisi wanawake tukae kisimani. Akakubali shingo upande. Daftari likabaki mfukoni. Nilimpakata mtoto wa mama mmoja wakati anajaza dumu lake la njano, tukaanza na bei ya unga wa muhogo. Dumu lilijaa zamani, bado anaongea: wanarudi kutoka shambani jua likizama, na wanachoogopa ni kile kinjia cha migombani. Doria yetu ilipita asubuhi, tena barabara kubwa, magari yakitimua vumbi!

Jioni niliandika ripoti: saa ngapi, njia ipi, nani hutembea peke yake. Jina lake sikuliweka, na dada yeyote anayekwenda misheni namshauri hivyo hivyo, maana karatasi huzagaa na kijijini hakuna siri. Doria ya miguu ikahamishiwa jioni, migombani. Tuliporudi kisimani walituita wao: "Mama, kuya huku!"

Nyumbani nilirudi koplo vile vile. Usajenti ulikuja baadaye sana, kwa kozi na kusubiri zamu.