Msimamizi Asiyesinzia

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Juma hili nilikuwa miongoni mwa wasimamizi wa mtihani katika shule moja ya hapa Mombasa. Jumatano, saa nane na ushei, jua likichoma mabati na feni ikizungusha joto lile lile, nilisinzia kitini. Nilipofumbua macho, kijana wa safu ya tatu alikuwa ameinua kichwa akinitazama mimi, wala si karatasi yake. Akainama upesi. Nikasimama, na sikukaa tena mpaka karatasi zilipokusanywa.

Tangu hapo neno hili halijanitoka moyoni. Kusimamia kumetokana na kusimama: lugha yetu inamtaka mtu awe wima juu ya alichokabidhiwa. Waarabu humwita msimamizi wa mtihani muraqib, na Ibn Faris, mwanalugha wa karne ya 10, aliurudisha mzizi wa neno hilo kwenye maana moja, yaani kusimama wima ili kukichunga kitu, na ndiyo sababu shingo nayo ikaitwa raqaba. Waingereza wao walichukua neno lao, invigilator, kutoka Kilatini, vigilare, ambalo maana yake ni kukesha.

Kusimama na kukesha, yote mawili yamo katika Ayatul Kursi, ambayo wengi wetu tuliihifadhi katika chuo cha Qur'ani kabla ya kujua maana yake. Mwenyezi Mungu ni Al-Qayyum, "Msimamizi wa mambo yote milele", na papo hapo tunaambiwa: "Kusinzia hakumshiki wala kulala." Nilikuwa nimeisoma aya hiyo baada ya swala ya adhuhuri, muda mfupi tu kabla ya kusinzia kwangu.

Katika mzizi ule ule wa muraqib limo jina la Mwenyezi Mungu Ar-Raqib, Mwenye kuchunga, na ndimo wanazuoni walimotoa muraqaba, hali ya mja kuwa na yakini moyoni kwamba anaonwa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa na Jibril kuhusu ihsani alijibu kwamba ni kumwabudu Mwenyezi Mungu kana kwamba unamwona, na ikiwa humwoni, basi Yeye anakuona.

Kijana yule aliinua kichwa kupima kama yuko anayemwona. Nami, na hili ndilo linaloniumiza, nilisimama kwa kuwa nimeonwa na mtoto, ilhali Yule niliyemtaja kwa ulimi saa moja nyuma alikuwa akiniona muda wote. Jumatatu kuna karatasi nyingine, na nimeomba nipangiwe chumba kile kile.