Sanduku la kufuli tatu
Wapendwa, leo wacha niongee kuhusu chama yetu ya akiba na mikopo hapa Obunga, Kisumu, hii story nimeikalia sana. Tuko akina mama wa kuuza mgongo wazi (ile mifupa ya samaki inabaki nyama ikitolewa), wa mboga, wengine mafundi wa nguo, na kila Jumatano tunafanya table banking, yaani tunachanga na kukopeshana hapo hapo mkutanoni, sanduku ni la chuma lina kufuli tatu na funguo ziko na mama watatu tofauti so hakuna mwenye anaweza fungua peke yake. Pesa inahesabiwa kwa sauti kila mtu akisikia, ukikopa unaandikwa kwa kitabu mbele ya wote. Huo uwazi ndio umetuweka pamoja.

Mimi cherehani yangu ilitoka hapo. Zamani nilikuwa nashonea mtu analipa akijiskia, saa hii nashona yunifomu za shule kwangu na karo sibembelezi mtu. Na kuna mama mmoja alitufundisha kuweka faida kando na pesa ya biashara kando, Mungu ambariki sana, juu kukopa bila kujua hesabu ni hatari, nimeona watu wakiuza hadi sufuria.

Sasa tunataka kuomba Women Enterprise Fund, ile ya serikali ilianza 2007, mkopo wa kikundi hauna riba, ni ada tu. Kina mama wa Nyalenda na Manyatta, kama kikundi chenu hakijasajiliwa endeni ofisi ya maendeleo ya jamii na katiba, minits na kopi za vitambulisho. Mwenye amekwama kuandika katiba aniinboksi nimtumie yetu aangalie.