Kompyuta Iliyorudi Mwaka 2009

Kila umeme ulipokatika hapa Kisenyi, Kampala, kompyuta yetu ya mezani iliwaka ikiwa imerudi tarehe 1 Januari 2009. Mimi saa sikuiangalia. Nilichoona ni tovuti kugoma moja baada ya nyingine, eti muunganisho si salama. Fundi mmoja akataka nimlipe aweke Windows upya, na nusura nikubali.

Shemeji yangu wa Mbale ndiye aliyeniokoa, kwa simu tu: “Hebu nisomee tarehe hapo chini kulia.” Nikasoma, akacheka. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikiamini ni 2009, inaviona vyote batili.

Nikachomoa waya, nikafungua ubavu. Ndani kuna betri bapa kama sarafu, CR2032 ya volti 3, inayoendesha saa umeme usipokuwepo. Nikasukuma kibanio kwa ncha ya bisibisi, ikaruka hadi chini ya kabati (mtoto ndiye aliyeiokota). Mpya nilinunua kwa fundi saa, soko la Owino. Nikaipachika, alama ya kujumlisha juu, nikaingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) kurekebisha tarehe. Tangu hapo umeme umekatika mara nne, na saa haijarudi nyuma.