Kibodi inapiga hodi na hakuna wa kuitikia

Juzi Jumatano baada ya alasiri mjomba alinipigia simu, "Ndoo uione hini kibodi, haiandiki kitu," nami nikaisikia tu ile sauti nikajua kuna mtu ameshamwambia maneno kabla yangu. Nikatoka Langoni mpaka kwake Mkomani, mitaa ya hapa kwetu Amu (Lamu), njiani nimebanwa ukutani na punda wawili waliobeba mawe manake uchochoro wenyewe ni ule ule mmoja, nikafika nimekutana na mzee amekaa kimya, laptop mbele yake, kibodi mpya mapajani na uso umemshuka.

Niwape picha kidogo. Mjomba ana laptop ya zamani, nilimwekea Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ile nyepesi ya Xfce, miaka mitatu nyuma kwa sababu ilikuwa ukiiwasha unaweza kwenda kununua mahamri ukarudi bado haijafunguka, na tangu siku hiyo haijamsumbua. Kazi yake ni tenzi. Anazo daftari za wazee wake, Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, zingine mchwa wameshakula pembe, na yeye anazichapa upya ubeti kwa ubeti, mara kwa herufi za Kiarabu vile zilivo, mara kwa herufi za kawaida ili vijana wasome. Sasa mgongo hautaki tena kuinamia meza na macho yake yanaona vizuri kitu kikiwa mbali kidogo, kwa hiyo akaagiza Mombasa kibodi na mausi zisizo na waya, skrini iwe kule mezani yeye amekaa kitini kwake ameegemea.

Mausi ilikuja na kile kidude kidogo cha USB, risiva, akakichomeka ikafanya kazi hapo hapo. Kibodi akapekua boksi zima hakuna risiva. Akamwita fundi, fundi akamwambia Linux haikubali kibodi za hewani, dawa ni kufuta kila kitu arudishe Windows. Kufuta kila kitu, na tenzi za miaka mitatu zimo mle ndani! Nilikasirika na bado nimekasirika, manake mzee alishaanza kukubali, ameshaanza kuuliza flashi ya kuhamishia mafaili ni bei gani.

Jamani vitu hivi viko vya aina mbili na ukishajua yako ni ipi nusu ya kazi imeisha. Ya kwanza ni hiyo ya risiva. Hapo mambo yote ya redio yanafanyika ndani ya kile kidude, kompyuta haina habari kabisa kama kuna kitu cha hewani, yenyewe inaona mausi ya kawaida ya USB imechomekwa, kwa hiyo hakuna draiva (programu ya kukitambulisha kifaa) ya kutafuta wala CD wala nini, keneli ya Linux, yaani kiini chake, inazijua hizo siku nyingi. Andika lsusb kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, utaona mstari wake umeongezeka. Aina ya pili ni Bluetooth, haina risiva kwa sababu haihitaji, inaongea na redio iliyo ndani ya laptop yenyewe, na hii ndo inataka kutambulishwa kwanza. Nikaigeuza kibodi ya mjomba chini, kialama cha Bluetooth hiki hapa, na kitufe kidogo pembeni yake. Hapakuwa na risiva iliyopotea.

Nikabonyeza kile kitufe nikakishika mpaka taa ikaanza kupepesa haraka haraka. Upande wa laptop Bluetooth ilikuwa imezimwa, amri ya rfkill list ikaniambia Soft blocked: yes, yaani imefungwa kwa programu si kwa swichi (nadhani alibonyeza kile kitufe chenye picha ya ndege bila kujua), nikaandika rfkill unblock bluetooth ikaamka. Halafu nikaingia bluetoothctl, programu ya kuendesha Bluetooth kwa kuandika amri. Unaweza kutumia ile picha ya Bluetooth pale chini kwenye paneli na watu wengi inawatosha, ila mimi napenda bluetoothctl kwa sababu inakwambia ukweli, ikikataa inasema imekataa nini. Ndani yake unaandika power on, kisha agent on, kisha scan on, unasubiri majina yatokee. Kwa mjomba yalitokea mawili tu, simu yangu na kibodi, zile kuta za mawe ni nene hivo hata redio ya jirani haipenyi. Kila jina lina anwani yake ya herufi na namba kumi na mbili, unaandika pair halafu hiyo anwani.

Hapa ndo wengi wanakwama. Skrini inatoa namba sita, na hizo namba unazichapa kwenye kibodi MPYA, ile ambayo unaona bado haifanyi kazi, halafu unabonyeza Enter hapo hapo juu yake. Mjomba alizichapa kwenye laptop, muda ukaisha ikakataa. Mara ya pili akazichapa kwenye kibodi mpya ila bila Enter. Ya tatu ikakubali, nikaandika connect, mzee akaandika bismillahi na uso ukarudi.

Asubuhi yake baada ya Fajiri simu tena. Imekufa.

Nakiri sikulala vizuri baada ya lile neno la fundi na hii simu ilinitia wasiwasi, lakini kufika nikafungua bluetoothctl nikaandika info na ile anwani, jibu liko pale wazi: Paired: yes, Trusted: no. Nilisahau trust. Maana yake ni hii, kibodi ikikaa bila kuguswa inalala ili isimalize betri, na ukija kuigusa ni yenyewe inayoiita kompyuta, siyo kompyuta inayoiita kibodi. Yaani kibodi inapiga hodi mlangoni, na kama hujaandika trust kompyuta inataka kwanza mtu wa kumuuliza kama mgeni huyu aingie, na asubuhi ile laptop ndo imewaka hakuna wa kuulizwa, basi hodi haiitikiwi. Nikaandika trust na anwani, mara moja tu, kwisha. Nikafungua pia faili la /etc/bluetooth/main.conf nikaweka AutoEnable=true manake Mint yake ni ya zamani, matoleo mapya ya BlueZ, programu ya Bluetooth ya Linux, yanaiwasha Bluetooth yenyewe tangu 5.65. Tukaizima laptop, tukaiwasha, mzee akabonyeza kitufe kimoja, sekunde mbili tatu, herufi ikatokea.

Likabaki la herufi za Kiarabu. Nilikuwa nimemwekea zamani kwa setxkbmap, amri ya kupanga herufi za kibodi, anabonyeza Alt na Shift anahama, sasa kila kibodi ikilala na kuamka Kiarabu kimepotea amebaki na cha Kiingereza tu. Sababu ni kwamba kibodi ya Bluetooth ikirudi inahesabiwa kama kibodi mpya na ile setxkbmap ilikuwa ya zile zilizokuwepo wakati ule. Dawa ni kuandika kwenye /etc/default/keyboard, XKBLAYOUT="us,ara" na XKBOPTIONS="grp:alt_shift_toggle", halafu kuwasha upya, hapo kila kibodi inayokuja inakuta mpangilio umeshawekwa. Hili lilinichukua jioni nzima na ndo lililonifurahisha zaidi, kwa sababu bila Kiarabu ile kibodi kwake ni kipande cha plastiki.

Mausi nayo ilikuwa inaruka ruka, unaisogeza inaganda halafu inakimbia. Nikaangalia risiva imechomekwa wapi, iko bega kwa bega na diski ya nje ya USB 3.0 anayowekea picha za zile daftari. USB 3.0 ikifanya kazi inatoa kelele za redio zinazoangukia kwenye gigahezi 2.4, na hapo hapo ndo mausi inapoongelea, Intel wenyewe walitoa maelezo ya jambo hili 2012. Nikaihamisha risiva upande wa pili kwenye poti ya USB 2, ikatulia. Kama huna poti ya upande wa pili nunua ule waya mfupi wa kurefushia USB, uisogeze risiva mbali na diski.

Na sisi wa Amu tuna adui mwingine, upepo wa chumvi. Fungua mahali pa betri utazame ile springi, ya mausi yangu mwenyewe ilikuwa imeota unga mweupe na ukijani, mausi inazima inawaka nikadhani ni Linux. Nilichovya pamba kwenye siki kidogo nikasugua, nikakausha vizuri kwa kitambaa, inafanya kazi mpaka leo. Ukiwa hutumii kwa wiki nzima toa betri.

Wenye risiva za Logitech zile za Unifying, ikipotea moja usitupe kibodi, tafuta risiva nyingine ya Unifying na uinstoli programu inaitwa Solaar, unaoanisha upya, risiva moja inabeba mpaka vifaa sita. Na hakikisha fwupd, programu ya kuapdeti vifaa, ipo, manake 2016 watu wa usalama walionyesha risiva za kampuni kadhaa zinaweza kuingiliwa na mtu aliye karibu akachapa atakacho, kwa zingine marekebisho yanapatikana kwa apdeti.

Kibodi ya waya ya mjomba sijaitupa. Bluetooth inaanza kufanya kazi Linux ikishawaka, kwa hiyo siku ukitaka kuingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya kompyuta kabla ya Linux kuwaka, au kama diski yako inaomba paswadi kabla ya kuwaka, ya Bluetooth haitakusaidia. Nimeifunga kwenye mfuko wa plastiki chumvi isiifikie, nimeiweka kwenye zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, juu kabisa, nikamwonyesha na mke wake ilipo.