Kodi ya mke na mume Ujerumani

Tangu tufike likizo hapa Mikindani, ndugu wanaojiandaa kwenda kufanya kazi Ujerumani wananiuliza mshahara tu. Jamani, ulizeni na kodi!

Mume wangu ni muuguzi, mimi nafanya nusu siku kwa ajili ya mtoto. Kule wanandoa wakiwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka kwa watu wa kodi, kwa pamoja, mapato yao yanajumlishwa na kugawanywa kwa mbili, kodi inakokotolewa kwenye nusu, kisha inazidishwa mara mbili. Tuseme mmoja ana euro 48,000 na mwenzake 12,000: wanatozwa kana kwamba kila mmoja ana 30,000. Pengo likiwa kubwa, nafuu nayo kubwa.

Sasa madaraja ya kodi, yanayoamua mnakatwa kiasi gani kwenye mshahara kila mwezi. Wengi hushauriwa mwenye kipato kikubwa achukue la 3, mwenzake la 5. Kweli, kila mwezi mkononi zinabaki nyingi, ila kodi ya mwaka ni ileile na ritani inakuwa lazima. Sisi tumebaki la 4 wote wawili: tunakatwa zaidi, halafu tunarudishiwa. Na dada zangu mnaotarajia kuzaa, daraja la 5 linapunguza posho ya wazazi, ile hela ya serikali kwa mzazi anayekaa na mtoto mchanga, maana hukadiriwa kwa kinachobaki baada ya makato. Hili linaniuma, wengi wanalijua mimba ishakua.

Mwenzi akibaki Mtwara, nafuu ya kuwasilisha pamoja hampati. Lakini akihamia kule hata Desemba, mnaweza kuwasilisha pamoja kwa mwaka ule wote, ingawa alichochuma huku kabla ya kuhama kitaangaliwa kupanga kiwango cha kodi. Binamu yangu alikuwa amfuate mumewe Januari. Nimemwambia awahi.